Jinsi ya Kupima Nafasi ya Wanawake katika Siasa za Armenia

Anayetaka kuandika au kufundisha kuhusu uongozi wa wanawake nchini Armenia asianze na asilimia ya wabunge, kwani takwimu hiyo imewahi kudanganya. Mabunge ya enzi za Kisovieti yalijaa wanawake waliopangwa kutoka juu, lakini uchaguzi wa ushindani wa mwaka 1990 ulipofanyika, idadi yao iliporomoka. Wala asidai kwamba wanawake kuchaguliwa ni jambo geni: mwaka 1919 wanawake watatu, akiwemo Perchuhi Partizpanyan-Barseghyan, walichaguliwa katika bunge la Jamhuri ya Kwanza ya Armenia (1918–1920) lililokuwa na viti 80.

Anza na sheria. Armenia haina viti maalumu vya wanawake. Zinazobanwa ni orodha za vyama, yaani majina ya wagombea ambayo chama hujazia viti vyake kuanzia juu, ambazo Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2016 ilizitaka ziwe na angalau asilimia 25 ya kila jinsia, kisha asilimia 30 kuanzia mwaka 2021. Halafu chukua orodha yenyewe, uisome kwa mafungu ya majina matatu matatu kuanzia juu, kwa kuwa ndivyo sheria inavyohesabu, na uandike kila mwanamke amewekwa nafasi ya ngapi. Chama kinachowaweka katika nafasi ya 3, ya 6 na ya 9 kimetimiza sheria, lakini kikipata viti saba kitaingiza wanawake wawili tu. Kingewaweka katika nafasi ya 1, ya 4 na ya 7, wangeingia watatu. Kwa maoni yangu, nia ya chama hujulikana hapo kuliko kwenye ilani.

Unapolinganisha chaguzi, zingatia mfumo uliotumika. Mwaka 2018 wanawake walipata viti 32 kati ya 132, wakati ambapo mpiga kura aliweza pia kumpigia mgombea mahususi katika orodha ya chama ya wilaya yake, utaratibu uliowanufaisha zaidi wenye fedha na majina makubwa mitaani. Orodha hizo za wilaya zilifutwa kabla ya uchaguzi wa mwaka 2021, ambapo wanawake walifikia takribani theluthi moja ya wabunge, kwa hiyo ongezeko hilo lisihesabiwe kuwa tunda la mgawo wa kijinsia peke yake.

Hatimaye toka bungeni. Diana Gasparyan alichaguliwa kuwa meya wa Vagharshapat mwaka 2018, lakini mameya wanawake wamebaki wachache. Wakuu wa mikoa kumi, ambao wengi wamekuwa wanaume, huteuliwa na serikali, hivyo uhaba wa wanawake huko usibebeshwe wapiga kura.