Maktaba ya niuroni ipokee namba au funksheni

Maktaba yangu ndogo ya Python (mkusanyo wa msimbo) ya kuigiza niuroni, yaani seli za neva, ilikuwa ikikubali namba peke yake kwa mkondo wa umeme. Vijana ninaowasomesha Mkunazini, Unguja, wakataka mkondo unaojaa na kupwa kama maji ya Forodhani. Haya: basi ipokee pia funksheni, kipande cha msimbo kinachopewa wakati `t` na kurudisha namba.

Kagua mkondo uliopewa kwa `callable()`, inayosema kama kitu kinaweza kuitwa kama funksheni. Ikiwa funksheni, ihifadhi. Ikiwa namba, ifunge ndani ya funksheni fupi: `lambda t: namba`, inayorudisha namba ileile kila wakati. Kitanzi cha hesabu sasa huita kitu cha aina moja tu.

Kisha iite funksheni hiyo mara moja kwa t=0 kabla ya kuanza, uhakikishe imerudisha namba. Mimi nilisahau `return`, amri ya kurudisha jibu. NumPy, maktaba ya hesabu, ikaigeuza `None` (hakuna jibu) kuwa `nan` (si namba) kimya kimya, nikakesha hadi adhana ya alfajiri.

Funksheni inayotaka volti pia? Hesabu vigezo vyake (vitu inavyotaka kupewa) kwa `inspect.signature`, ujue kama uipe `t` peke yake au na volti.