Osha chumvi kabla ya kupaka rangi mashine ya kerezo
Sisi wa Wete, Pemba, na karakana za karibu na bahari: ukishakwangua kutu kwa brashi ya waya, usikimbilie praima, yaani rangi ya kwanza ya chini. Ng'oa mota, paka grisi reli ambazo sehemu za mashine huteleza juu yake, kisha sugua mwili wa mashine kwa maji ya mvua yaliyochemshwa. Ianike juani mpaka ikauke kabisa, ifute kwa thina, upake praima siku hiyo hiyo. Chumvi hujificha kwenye vishimo vya kutu. Msasa hauitoi, maji huiyeyusha, na ikibaki, rangi huvimba. Maji ya kisima chenye chumvi yanaharibu kazi yote. Chuma kilichonyonya mafuta kianze na sabuni ya unga. Masika siigusi kazi hii: kutu huota kabla hujafungua kopo.