Anza na kushuka: mambo ya kuzingatia kabla ya kuipiga picha Dodoma kutoka mlimani

Watu wakiniuliza namna ya kuipiga picha Dodoma kutoka juu, huanza na vifaa: nichukue lenzi gani, simu yangu itafaa? Nami huwarudisha kwenye swali jingine. Utashuka saa ngapi, kwa njia ipi, ukiwa na nani? Picha bora ya mji huu hupatikana jua likishazama, katika zile dakika chache ambazo anga bado lina bluu nzito na taa za barabarani zimeshawaka. Maana yake ni kwamba ukiipata picha uliyoifuata, giza limekwisha kukukuta juu ya jiwe. Kwa sababu hiyo maandalizi yangu nayapanga kinyumenyume, kuanzia mguu unaporudi barabarani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na huku kwetu jua huzama karibu wima. Linapogusa upeo halikawii. Juni linazama kama saa 12 na nusu jioni, Februari ni saa 1, kasoro au zaidi kwa dakika chache. Baada ya hapo una dakika 20 hivi za mwanga wa kufanyia kazi, kisha huoni unapokanyaga. Panda mchana, na unapopanda simama kila baada ya mwendo mfupi ugeuke nyuma, uitazame njia kama utakavyoiona ukishuka. Mti uliouacha kulia utakuwa kushoto, na mwanya wa mawe uliopita bila kufikiri utafanana na mianya mingine mitatu.

Nilijifunza hili jioni moja ya Oktoba. Tulikuwa watatu, na taa zetu zilikuwa simu tu. Wawili kati yetu tulikuwa tumerekodi video tangu saa 11, betri zimekaribia kuisha. Mwenzetu mmoja aliteleza kwenye changarawe iliyolala juu ya jiwe, kifundo cha mguu kikapinda. Njia tuliyoipanda kwa nusu saa tuliishuka kwa zaidi ya saa moja na nusu, tukimshika huku na huku, taa moja kwa watu watatu. Tangu siku hiyo kila ninayeongozana naye lazima awe na tochi yake, na iwe ya kuvaa kichwani, kwa kuwa mikono yote miwili unaihitaji kwenye mawe. Betri za akiba nabeba pia. Simu ibaki kwa ajili ya kupiga simu. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na mtu mmoja aliyebaki mjini ajue mmekwenda wapi na mnatarajia kurudi saa ngapi.

Dereva wa bodaboda au bajaji naye ni sehemu ya mpango. Patana naye mapema, nauli ya kwenda na kurudi, na umwambie saa ya kukufuata. Ukishuka saa 2 usiku ukiwa na begi la kamera mgongoni, chini ya mlima si mahali pa kusimama ukitafuta usafiri.

Viatu viwe na soli inayoshika. Milima ya Dodoma ni mawe ya matale (graniti), makubwa na ya mviringo, na juu yake kuna chembechembe zilizomeguka zinazoteleza kama mtama uliomwagika sakafuni. Kandokando ni migunga na vichaka vya miiba, hivyo suruali ndefu ni lazima hata kama joto ni kali. Usitie mkono kwenye ufa usiouona ndani, maana nyoka hupumzika humo, na bafe hana tabia ya kukimbia akisikia mtu anakuja. Ukisikia mvumo wa nyuki kwenye mbuyu au kwenye pango la jiwe, zunguka mbali. Maji, lita 2 kwa kila mtu. Juni na Julai ongeza sweta: usiku joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na upepo wa juu unakufanya utetemeke, na anayetetemeka hapigi picha ya maana.

Sasa watu. Kabla ya kupanda kilima chochote ambacho chini yake kuna makazi, mimi hupita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa wazee waliokaa barazani. “Mbukwenyi” moja ya Kigogo hufungua mazungumzo kuliko maelezo marefu. Utaambiwa njia ipi inapitika, wapi pana nyuki, na saa ngapi si salama. Mara nyingi kijana wa hapohapo atakubali kwenda nanyi. Mlipe, na mlipe vizuri. Yeye anajua mlima gizani kuliko ramani yoyote ya kwenye simu, na wenye nia mbaya wakimwona mwenyeji kati yenu hufikiri mara mbili. Usipande peke yako kabisa. Kamera inayoning'inia shingoni hutangaza bei yake, kwa hiyo ifiche ndani ya begi la kawaida mpaka ufike juu.

Ruhusa nayo si jambo la kupuuza katika mji huu. Dodoma ni makao makuu ya nchi, na kuna majengo ambayo hayaelekezewi lenzi. Lile jiwe kubwa la upande wa Area D, ambalo wengi wanalijua kwa jina la Lion Rock, ndilo linalopandwa sana kwa ajili ya mandhari ya mji. Lakini Mlimwa, iliyo upande huohuo, ina makazi ya viongozi, pamoja na ya Waziri Mkuu. Lenzi ndefu ikielekezwa huko, hata kwa nia njema, itakuletea maswali. Kambi za jeshi na magereza ni vivyo hivyo. Mlinzi akikuuliza, mwonyeshe picha ulizopiga bila kununa, na akisema ondoka, ondoka. Nakala ya kitambulisho nabeba siku zote. Kuhusu droni, usibahatishe: inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na idhini ya Wizara ya Ulinzi, na ukumbuke kwamba uwanja wa ndege wa Dodoma uko katikati ya mji, si nje yake. Mimi nimeamua kuiacha nyumbani. Mlima wenyewe ni mrefu wa kutosha.

Kuchagua mlima ni kuchagua upande wa jua. Mfano mzuri ni vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma, mashariki mwa mji. Ukisimama huko jioni, mji uko kati yako na jua linalozama: majengo yanakuwa vivuli vyeusi, anga linashika moto nyuma yake, na maelezo madogo yanapotea. Asubuhi mambo hugeuka. Jua linachomoza mgongoni kwako na kuupaka mji mzima rangi ya asali, kila bati na kila ukuta unaonekana. Ni eneo la chuo, kwa hiyo omba ruhusa getini kwanza. Na kuna asubuhi moja kila mwezi ambayo naisubiri kwa hamu kubwa. Mwezi mpevu huzama magharibi karibu na saa jua linapochomoza mashariki. Asubuhi inayofuata usiku wa mwezi mpevu, kama anga ni safi, ukiwa upande wa chuo utaona mwezi mzima ukishuka juu ya mji huku mwanga wa kwanza ukigusa majengo. Mwezi na mji vinakuwa na mwanga unaolingana, hivyo kamera inavipata vyote viwili bila kimoja kuungua. Programu za simu zinazoonyesha njia ya jua na mwezi zitakuambia mwezi utazamia nyuzi ngapi za dira, maana Juni unazamia kusini zaidi na Desemba kaskazini zaidi. Angalia hilo siku tatu kabla, si ukiwa tayari juu.

Halafu kuna hewa. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza safari. Dodoma haipati mvua nyingi, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Agosti hadi Oktoba upepo ni mkali, vumbi jekundu liko hewani, na moshi wa mashamba yanayosafishwa unaongezeka. Kwa macho mji unauona. Kwa kamera, majengo ya kilomita 5 mbele yanageuka kuwa kivuli cha kijivu. Vumbi hilo si adui siku zote, kwani jua likizama ndani yake huwa duara jekundu unaloweza kulitazama, na tabaka za vilima nyuma ya mji huonekana moja moja, kila moja nyepesi kuliko iliyotangulia. Lakini ukitaka mji wenyewe, madirisha na mapaa, subiri jioni ya kwanza yenye anga wazi baada ya mvua kubwa. Mvua inaliosha vumbi lote. Mimi huacha begi langu likiwa tayari mlangoni kuanzia Januari kwa ajili ya jioni kama hizo, na kwa mwaka hazizidi chache.

Mvua hizo zina upande wao wa hatari. Jiwe tupu juu ya tambarare ndicho kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu, na wewe umesimama juu yake na stendi ya chuma. Ukisikia ngurumo, hata kwa mbali, kunja vitu ushuke. Usisubiri kupiga radi picha kutoka hapo. Mawe yakilowa hayapandiki wala hayashukiki, kwa hiyo baada ya mvua yape saa kadhaa yakauke.

Kuhusu vifaa nitasema machache, kwa sababu ni rahisi kuliko yote yaliyotangulia. Dodoma imetandaa. Haina rundo la maghorofa lililokusanyika mahali pamoja kama Dar es Salaam. Ukija na lenzi pana, mji wenye wakazi zaidi ya 750,000 unakuwa uzi mwembamba kati ya ardhi na anga. Lenzi ndefu, ya milimita 70 hadi 200, inavuta vitu na kuvisogeza karibu: kuba la kanisa kuu la Anglikana, minara ya Msikiti wa Gaddafi, jengo la Bunge, na nyuma yake vilima. Ili uvijue vitu hivyo vilipo, fika mara ya kwanza mchana bila haraka na uvitafute kimoja kimoja. Jioni, taa zikiwaka, vyote hufanana. Lenzi pana iwe kwa siku ambayo una kitu cha kuweka mbele, kama tawi la mbuyu usio na majani au mgongo wa jiwe ulioshika mwanga wa mwisho. Ukitaka upana wote, ishike kamera wima, piga picha kadhaa ukienda kulia, kila moja ikiingiliana na iliyopita kwa theluthi, kisha ziunge nyumbani. Usibadili mipangilio ya mwanga wala ya rangi katikati ya mfululizo.

Stendi ya miguu mitatu ni ya lazima, na upepo wa juu utaijaribu. Usiinue nguzo ya katikati. Ning'iniza begi chini yake, lakini liguse jiwe ili lisipeperushwe. Tumia saa ya kuchelewesha ya sekunde 2, na uzime kitulizo cha lenzi, kile kinachopunguza mtikisiko wa mkono. ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) iwe 100, tundu la lenzi f/8, kisha uache shata, yaani mlango wa mwanga wa kamera, ikae wazi sekunde nyingi zaidi kadri giza linavyoongezeka. Lenga kwa mkono kwenye taa ya mbali, maana kamera gizani hupapasa. Mwenye simu naye asikate tamaa: simu iliyotegemezwa vizuri kwenye jiwe, ikiwa kwenye hali ya usiku, inatoa picha ya kutosha. Lenzi usibadili juu ya mlima. Vumbi la Dodoma ni mchanga laini wa mawe, likiingia kwenye kihisi cha kamera utaliona kama madoa angani katika kila picha. Na likikaa kwenye kioo, lipulizie kwanza kabla ya kufuta, kwa sababu ukisugua kavu unakikwaruza.

Jambo la mwisho ninalobeba ni daftari dogo. Mwaka 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahamie hapa, mji huu ulikuwa mdogo uliokulia kando ya reli. Leo ni jiji tangu 2018, treni ya umeme inafika tangu 2024, na serikali imejenga mji wake wa ofisi huko Mtumba. Kila mwaka upeo ule unabadilika. Kwa hiyo kabla sijashuka naandika tarehe, saa, urefu wa lenzi, na jiwe nililosimamia, pamoja na kitu kilichokuwa ukingoni mwa picha upande wa kushoto na wa kulia. Nina picha za jiwe hilohilo, za pembe ileile, za miaka minne mfululizo. Katika ya kwanza, upande wa kulia kuna kichaka cha migunga na njia ya ng'ombe. Katika ya nne kuna mapaa mapya 30, niliyahesabu, na njia ile ya ng'ombe ina taa za barabarani.