Shahada ya Kifaransa, Kihispania au Kireno: namna ya kupiga hesabu kabla ya kulipa ada

Lugha za Kirumi ni zile zilizozaliwa na Kilatini: Kifaransa, Kihispania, Kireno, Kiitaliano, Kiromania na ndugu zao. Anayetaka kujua kama shahada ya lugha hizi itamlipa, akae na kalamu na karatasi kabla ya muhula wa kwanza. Hesabu hiyo ikifanywa mwaka wa tatu, pesa nyingi zimeshakwenda.

Gharama kwanza

Wengi huandika ada wakaishia hapo. Gharama kubwa kuliko zote kwa kawaida ni mshahara ambao mtu angeupata kama angekuwa kazini miaka hiyo. Chakula na malazi usiviingize, maana ungekula na kulala hata usiposoma. Ingiza nyongeza tu iliyoletwa na chuo.

Tuseme asiye na shahada anapata 100 kwa mwaka (pesa ya nchi yoyote, huu ni mfano tu). Miaka 4 darasani inamnyima 400. Ada ni 40 kwa mwaka, yaani 160. Muhula mmoja katika nchi inayozungumza lugha yenyewe unaongeza 40. Vibarua vya likizo vinamrudishia 20 kwa mwaka, jumla 80. Gharama halisi ni 400 + 160 + 40 − 80 = 520.

Sasa faida. Akihitimu na kupata 130 kwa mwaka, nyongeza ni 30, na 520 itarudi baada ya miaka 17 na ushei. Akipata 160, nyongeza ni 60 na itarudi chini ya miaka 9. Lakini pesa ya kesho haina thamani ya pesa ya leo. Ukiweka riba ya asilimia 5, yule wa nyongeza ya 60 anahitaji takriban miaka 12, na yule wa 30 anahitaji zaidi ya miaka 41. Maana yake anastaafu kabla gharama haijarudi. Nyongeza imeongezeka mara mbili tu, ila hukumu imegeuka kabisa. Ndiyo maana kazi unayoilenga ina uzito kuliko jina la shahada.

Unapotafuta takwimu za mishahara ya wahitimu, usichukue wastani. Wachache wanaolipwa sana huupandisha. Tafuta mshahara wa mtu wa katikati, yule ambaye nusu ya wenzake wako juu yake na nusu chini. Kisha uliza kama takwimu hizo zinajumuisha wenye shahada ya uzamili, kwa sababu wahitimu wa lugha wanaoendelea na masomo si wachache. Kama zinawajumuisha, ongeza gharama ya miaka hiyo ya ziada upande wa kwanza.

Lugha peke yake hununuliwa kwa bei ndogo

Chuo cha serikali ya Marekani kinachowafundisha wanadiplomasia hukadiria kwamba anayezungumza Kiingereza anahitaji takriban saa 550 hadi 690 za darasani ili afanye kazi kwa Kihispania, Kifaransa, Kireno au Kiitaliano. Linganisha: somo la saa 4 kwa wiki, wiki 30 kwa mwaka, kwa miaka 4, ni saa 480. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanahitimu wakiwa kiwango cha B2 katika ngazi za Ulaya za umahiri wa lugha (A1 ya chini kabisa hadi C2 ya juu kabisa), ilhali kazi za kutafsiri na kufundisha madarasa ya juu hudai C1 au C2. Saa zinazopungua huzipati kwa kusoma riwaya peke yake. Muhula ule wa ughaibuni ndio unaozijaza, kwa hiyo usiufute ili kubana matumizi, labda kama una njia nyingine ya kuishi ndani ya lugha kila siku.

Kinacholipiwa hasa ni milango ambayo kozi ya jioni haiifungui: leseni ya ualimu, ajira zinazodai shahada, uzamili wa ukalimani, na kazi za kampuni za tafsiri. Kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100, kinamtambua mfasiri kwa njia tatu: shahada ya tafsiri, au ya lugha yenye mafunzo ya kutosha ya tafsiri; shahada ya fani nyingine pamoja na miaka 2 ya kutafsiri muda wote; au miaka 5 ya kazi hiyo bila shahada. Kwa hiyo masomo ya hiari yachague kwa akili. Ukijaza nafasi zote kwa fasihi bila somo la tafsiri, unaweza kupoteza njia ile ya kwanza.

Oanisha na fani ya pili

Hapa ndipo nyongeza ya 30 inapogeuka 60. Soma uhasibu, sheria, takwimu, ugavi au afya sambamba na lugha. Tafsiri za jumla sasa hupitia kwenye mashine kwanza, na binadamu hulipwa bei ya chini kwa neno ili asahihishe. Mkataba, ripoti ya kitabibu au hesabu za kodi bado zinamtaka mtu anayeelewa jambo lenyewe.

Lugha ya pili ya Kirumi ni nafuu kuiongeza, kwa kuwa sarufi na msamiati mwingi unao tayari. Angalizo: zinachanganyana. *Exquisito* kwa Kihispania ni tamu sana. *Esquisito* kwa Kireno ni ya ajabu ajabu. *Burro* ni siagi kwa Kiitaliano na punda kwa Kihispania. Fikisha ya kwanza B2 kwanza, ndipo uanze ya pili.

Katika kuchagua, pima mahitaji dhidi ya washindani. Kifaransa na Kihispania ni lugha rasmi za Umoja wa Mataifa, Kireno na Kiitaliano si miongoni mwake. Lakini Kihispania kina wanafunzi wengi mno, nawe utashindana pia na waliozaliwa nacho.

Vyeti

Shahada haimwambii mwajiri kiwango chako, cheti kinamwambia. DALF ya Kifaransa na DELE ya Kihispania haziishi muda. SIELE ya Kihispania hudumu miaka 5, TCF ya Kifaransa miaka 2, kwa hiyo hizo zifanye karibu na wakati wa kuomba kazi.

Weka kituo cha ukaguzi mwishoni mwa mwaka wa pili. Kama bado uko B1 na huna fani ya pili, rudia hesabu ukihesabu gharama zilizobaki tu, maana zilizokwisha kulipwa hazirudi. Mara nyingi jibu litakuwa kuhamia shahada nyingine na kubaki na lugha kama somo dogo.