Bima ya afya imepanda tena? Usiiache kwanza

Kabla hujaachana na bima kisa premiamu (ile ada unayolipia bima) imepanda, toa risiti zako za matibabu za mwaka mzima uone hela ilienda wapi hasa. Wengi tunakuta ni vitu vidogo vidogo, kumuona daktari, dawa, vipimo, sasa hivyo unaweza kulipa mwenyewe ukabaki na kava ya kulazwa na upasuaji, maana hiyo ndo inafilisi watu. Ukikubali kuchangia kiasi fulani kila ukitibiwa, premiamu nayo kawaida inashuka, ila ile tofauti iweke pembeni kweli (usije ukaila!). Na usihame kampuni kichwakichwa, huko mpya mara nyingi muda wa kusubiri kabla hawajaanza kulipia baadhi ya matibabu unaanza upya na ugonjwa ulionao tayari wanaweza wasiulipie.