SOMO: Rojo la matunda kwenye mvinyo na bia ya nyumbani

Wakuu, "rojo niweke lini?" nimeulizwa mara nne wiki hii. Naandika mara moja, tusome wote.

1. Osha vyombo, vitakase kwa dawa.

2. Toa kokwa zote. Za pichi, plamu na cheri zikisagwa hutoa sianidi. Mbegu ndogo zikivunjika huleta uchungu, kwa hiyo pitisha rojo kwenye chujio.

3. Rojo la dukani, soma lebo. Likiwa na sorbati au benzoati (dawa za kuzuia kuharibika), liache. Hamira haitazaliana.

4. Bia: gramu 100 hadi 200 za rojo kwa lita. Mvinyo: kilo 1.5 hadi 2 kwa lita 5, na sukari juu yake. Gramu 17 hivi za sukari kwa lita huleta asilimia 1 ya kilevi.

5. Usichemshe. Pektini (kitu cha kwenye tunda kinachogandisha jamu) ikipata moto mkali, kinywaji hubaki na ukungu. Kwa mvinyo, ponda kidonge 1 cha Campden (salfaiti ya kuua vijidudu) kwa lita 4 hadi 5, baada ya saa 12 weka pektinase (kimeng'enya kinachovunja pektini), baada ya saa 12 nyingine weka hamira.

6. Kwenye mvinyo rojo huingia mwanzoni. Kwenye bia, ngoja mchacho mkali upite, la sivyo harufu ya tunda huondoka na gesi.

7. Ndoo isipite theluthi mbili. Machicha ya tunda hupanda juu na kuziba valvu (kizibo kinachotoa gesi bila kuingiza hewa). Badala yake tumia mpira mpana wa kutolea gesi, unaoishia kwenye maji. Machicha yazamishe kwa mwiko safi mara mbili kwa siku.

8. Kujaza chupa. Hapa ndipo nilipoharibu. Bia yangu ya stroberi ilikaa siku tisa baada ya rojo, povu likashuka, valvu ikanyamaza, nikatia sukari ya gesi (ile kidogo ya kutengeneza gesi chupani) na kujaza chupa 20. Siku ya sita zikaanza kupasuka stoo, moja baada ya nyingine, na kipande kimoja cha kioo nilikikuta kimekita kwenye mlango, usawa wa uso wangu. Chumba kilikuwa cha baridi, hamira ilipunguza kasi tu, na sukari ya tunda ilikuwa bado imo. Povu si kipimo. Valvu si kipimo. Haidromita (kifaa kinachoelea, cha kupimia sukari iliyobaki) isome namba ileile siku 3 mfululizo, ndipo ujaze. Na usivute machicha: yakiingia chupani, bia hufoka ukifungua.

MASWALI

Ndoo Kubwa: Sina haidromita. Wiki mbili zinatosha?
— Hatua ya 8.

Ndoo Kubwa: Nimeuliza tu mkuu, mbona mkali?
— Kwa sababu niliokota vioo. Hakuna idadi ya siku inayotosha bila kupima. Nunua haidromita kwanza, rojo baadaye.

Mama Chupa: Nimeshajaza jana, na sikupima. Nifanyeje?
— Pole dada. Vaa miwani ya kazi na glavu nene, funika chupa kwa taulo zito, zipeleke kwenye friji zikiwa zimefunikwa. Zikishapoa kabisa, fungua moja moja taratibu utoe gesi.

Mchujaji: Mvinyo wangu wa embe una ukungu miezi mitatu. Nitajuaje kama ni pektini?
— Swali zuri sana. Chukua kijiko kimoja cha mvinyo, ongeza vijiko vitatu vya spiriti kali, tikisa, acha. Ukiona nyuzi au madonge kama jeli, ni pektini. Pektinase bado itasaidia, ila kilevi huipunguza nguvu, kwa hiyo ongeza dozi na uipe wiki kadhaa. Usinywe hiyo ya majaribio.

Mchujaji: Na kugandisha tunda kabla ya kusaga?
— Fanya hivyo. Barafu hupasua chembe za tunda, juisi hutoka kirahisi. Lakini haiui vijidudu, Campden bado inahitajika.

Mama Chupa: Mimi rojo nalitia kwenye mfuko wa neti uliochemshwa. Machicha yote hutoka kwa mkupuo mmoja.
— Safi, dada. Usiukamue tu, utarudisha ukungu.