Malindi hadi Voi kwa Treni: Pandia Mariakani

Malindi hatuna reli. Wengi wakitaka treni hushuka hadi Mombasa, kisha warudi Miritini, iliko stesheni ya SGR, ile reli mpya, na foleni ya magari na jasho. Mimi binti yangu ameolewa Voi, na njia hiyo nimeshaiacha. Napandia Mariakani.

Tiketi kata siku kadhaa mbele. Piga *639#, tia nambari ya kitambulisho, ulipe kwa M-Pesa. Hapa ndipo watu huteleza: chagua treni ya asubuhi, ile ya kaunti inayosimama kila stesheni. Za haraka, ya mchana na ya usiku, Mariakani utazipungia mkono tu. Mtoto chini ya miaka 3 halipi, wa 3 hadi 11 analipa nusu.

Miritini inatoka saa mbili, na Mariakani si mbali, basi ukitoka Malindi siku hiyohiyo itabidi uamke usiku wa manane. Miguu yangu haitaki tena mambo hayo. Naondoka jana yake, nalala kwa wifi yangu Kaloleni. Panda matatu ya Mombasa, mwambie makanga akushushe Mavueni, mkishavuka daraja la Kilifi. Hapo pana njia ya kulia, ya lami, inapita Kaloleni mpaka Mariakani.

Ukifika mjini usimwambie bodaboda "stesheni" peke yake, asije akakupeleka kwenye reli ya Mwingereza, ile iliyoanza kujengwa 1896. Sema "SGR".

Sasa mzigo, maana sisi watu wa pwani hatuendi kwa watu mikono mitupu. Mikoba inakaguliwa, na kisu hakipiti. Changu cha kumenyea maembe nilikisahau kikapuni, nikakiaga mlangoni. Papa mkavu tatizo lake ni harufu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017, na gazeti halizuii kitu. Tumia ndoo ya rangi iliyooshwa vyema, kifuniko kikaze mpaka kilie, uiweke chini miguuni pako, sio juu ya kichwa cha mwenzio.

Treni haikai. Simama tayari, nambari ya behewa uijue kabla haijafika. Ukishaketi, kodoa macho dirishani: ardhi inageuka nyekundu, na Tsavo ndovu nao huwa wekundu kwa vumbi lake.

Kabla ya adhuhuri niko Voi, na wajukuu washaanza kupigania kifuniko cha ndoo.